Siri ya Fadha O'Malley

Wapenzi wa sinema wana kesi yao ya miaka themanini ambayo hawataki kuifunga. Machi 1945, kule Hollywood, filamu iitwayo Going My Way ilibeba tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Double Indemnity ya Billy Wilder, ile ya bima na mauaji na vivuli kila kona, ilikuwa imeteuliwa mara saba na ikarudi mikono mitupu. Anzisha mjadala huo leo katika kundi lolote la watu wa filamu uone. Hukumu iko tayari kabla hujamaliza kuuliza: Wilder aliibiwa kura. Watu walikuwa wamechoshwa na vita, walitaka kubembelezwa, wakapewa mapadri wawili, kwaya ya watoto na Bing Crosby akiimba. Sukari guru tupu. Kitu cha kumwekea nyanya yako siku ya Krismasi asinzie vizuri.

Mimi nasema hao watu hawajaitazama. Waliipa dakika ishirini, wakaona kola ya padri na tabasamu, wakachukua simu. Wangevumilia kidogo wangegundua kwamba chini ya hizo nyimbo kuna swali ambalo Double Indemnity, pamoja na bastola zake, haikuthubutu kuliuliza: unamwondoaje mzee kwenye kiti bila kumvunja?

Kwa wale ambao hawajaiona, kisa ni hiki. Parokia ya Mtakatifu Dominiko iko kwenye mtaa wa watu wa kawaida jijini New York. Padri Fitzgibbon, Mwairishi, ndiye aliyeijenga na ameiongoza miaka 45. Sasa amezeeka, deni la rehani limelimbikizwa, na mzee Haines wa kampuni ya mikopo amechoka kusubiri. Askofu anamleta Padri Chuck O'Malley. Fitzgibbon anaambiwa ameletewa msaidizi. Ukweli ni kwamba huyo msaidizi ndiye mkubwa wake. Askofu anajua, O'Malley anajua, sisi tunaotazama tunajua. Mzee peke yake ndiye hajui.

Sasa linganisha na vile unavyojua wewe mambo haya yakifanyika. Unafika kazini Jumatatu unakuta kufuli limebadilishwa, na soja wa getini amekushikia katoni yenye kikombe chako na picha ya watoto. Bosi mpya anaitisha mkutano kabla hata hajajua choo kiko wapi. Anataka kila mtu aone kwamba mambo yamebadilika na aliyeyabadilisha ni yeye.

O'Malley ana mamlaka yote mfukoni na hayatoi. Anaomba ruhusa kwa mtu ambaye angeweza kumpa amri. Anakaripiwa na kukubali. Siku yake ya kwanza mtaani analoa maji chapachapa, na mzee anamkuta amevaa fulana ya michezo ya timu ya St. Louis Browns, mavazi ambayo Fitzgibbon hawezi kuyaweka kwenye sentensi moja na neno padri. O'Malley anameza hilo pia. Wavulana wa mtaa, ambao wamefikia hatua ya kuiba bata mzinga, anawageuza kwaya, na mzee anapolalamika kuhusu kelele za mazoezi hajibiwi kwamba wewe huna tena sauti hapa. Hakuna hata mara moja ambapo O'Malley anasema lile neno moja ambalo lingemaliza ubishi.

Hapo ndipo upole wa filamu hii ulipo, na si kwenye nyimbo. Upole hapa ni nguvu inayojizuia. Mtu asiye na mamlaka yoyote akinyamaza mbele ya mzee hilo ni jambo la kawaida, pengine ni woga tu. Mwenye barua ya askofu akinyamaza, hilo ni jambo jingine kabisa.

Na usidhani mzee ni malaika wa kuonewa huruma. Fitzgibbon ni mkaidi, ana wivu, ana chupa ya wiski aliyoificha vizuri. Barry Fitzgerald anamwigiza kwa namna ambayo unataka kumkumbatia na kumtikisa kwa wakati mmoja. Alikuwa mzuri kiasi kwamba aliteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji bora na ya mwigizaji msaidizi bora kwa nafasi ileile, jambo lililowafanya wenye Oscar wabadilishe kanuni lisitokee tena. (Alishinda ya msaidizi. Kwa sababu ya vita sanamu zilitengenezwa kwa plasta, na ya kwake aliivunja nyumbani akifanya mazoezi ya gofu. Kumbe yule mzee wa kwenye skrini hakuwa mbali na mwenyewe.) Halafu huyu baba wa Kikatoliki wa Kiairishi, ambaye watu wamemfanya kipimo cha mapadri wote wa Ireland, aliigizwa na Mprotestanti wa Dublin.

Siri inapasuka vipi? Fitzgibbon mwenyewe anakwenda kwa askofu kumshtaki O'Malley, anataka ahamishwe. Huko anaelewa. Hakuna anayemfokea, hakuna anayemsomea barua. Ni mzee tu aliyekwenda kuomba msaidizi wake aondolewe, akatambua kwamba aliyekwisha kuondolewa ni yeye. Anarudi amesinyaa. Kisha anatoroka, padri mzee anatembea peke yake kwenye mvua usiku, mpaka polisi anamrudisha. O'Malley anamlaza kitandani kama mtoto, wanapata tone la ile wiski, na anamwimbia wimbo wa Kiairishi wa kubembelezea watoto.

Ukitaka kucheka, cheka. Lakini angalia filamu imefanya nini. Imekubali kwamba siri, hata ile ya nia njema, iliumiza. Haikumsamehe O'Malley bure. Tangu usiku ule ukweli uko mezani, na urafiki wao unaanzia hapo, si kabla.

Leo McCarey, aliyeiongoza, hakuwa mgeni wa habari za wazee. Mwaka 1937 alitengeneza Make Way for Tomorrow, kuhusu wazee wawili, mume na mke, wanaopoteza nyumba, na watoto wao wazima hawakubali kuwapokea wote wawili pamoja. Hakuna wimbo wa kuokoa mtu mle. Mwaka huohuo alitengeneza ucheshi uitwao The Awful Truth, akapewa Oscar kwa huo ucheshi, akawaambia waziwazi kwamba wamempa kwa filamu isiyo yenyewe. Kwa hiyo mtu akiniambia McCarey aliwapamba wazee kwa sababu hakujua maisha, namwelekeza huko. Alijua. Miaka saba baadaye aliamua kuuliza ingekuwaje kama mtu mmoja tu angejali.

Sasa pesa, maana bila pesa hakuna parokia. O'Malley ana wimbo aliotunga, wenye jina lile la filamu. Rafiki yake wa zamani, mwimbaji wa opera, anasaidia upigwe jukwaani mbele ya mchapishaji wa nyimbo. Mchapishaji anaukataa. Watoto wakiwa bado pale jukwaani wanaimba Swinging on a Star, wimbo wa kuchekesha wa punda na nguruwe, na huo ndio unaonunuliwa. Pesa zinatosha kulipa rehani. Unadhani O'Malley anafanya nini? Anapanga zitumbukizwe kwenye kikapu cha sadaka Jumapili, Fitzgibbon akihubiri kuhusu kutoa. Mzee anaamini mahubiri yake yamegusa watu. Mtoaji hana jina, hana kipaza sauti, hata risiti hana.

Hapa ndipo filamu ya New York ya 1944 inapotugusa bila kualikwa. Sisi tumekulia katika makanisa ambako kikapu kina mlango wa nyuma. Mheshimiwa anaingia ibada ikiwa katikati, msafara unazima injini nje, anapewa kiti cha mbele, halafu anapewa kipaza. Kiasi kinatajwa, watu wanapiga makofi, kiasi kinaongezwa. Juni 2024, vijana walipojaa barabarani, moja ya madai yao lilikuwa madhabahu yaache kuwa jukwaa la siasa. Na Novemba mwaka huohuo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mamilioni ambayo Rais William Ruto alikuwa ametoa na kuahidi katika kanisa la Soweto, Kahawa West, akaagiza zilizopokelewa zirudishwe. Watu walishangaa kana kwamba wameona muujiza. Kwa nini tulishangaa? Kwa sababu tumezoea kutoa kunakotaka kuonekana. O'Malley anacheza mchezo ule kinyumenyume, na huo pekee ungetosha kunifanya niitetee filamu yake mbele ya yeyote anayeiita sukari.

Lakini kuna shtaka moja zito, na wanaoipenda filamu hii hulikwepa. Sitalikwepa.

Padri mpole wa Hollywood hakuota kama uyoga. Tangu 1934 filamu za Marekani zilipita chini ya kanuni za maadili zilizoandikwa kwa mkono wa Padri Daniel Lord, Mjesuiti, pamoja na Martin Quigley, mchapishaji Mkatoliki. Aliyezisimamia, Joseph Breen, alikuwa Mkatoliki vilevile. Kanuni hizo zilikataza mchungaji wa dini kuoneshwa kama kikaragosi au mtu mwovu. Yaani mwaka ule, hata ungetaka kutengeneza filamu ya padri anayedhuru watoto, usingepata kibali. Wakatoliki wa Marekani, ambao miaka michache nyuma walitazamwa kama wahamiaji wa kushukiwa, walihitaji uso mzuri, na Bing Crosby akawapa uso huo. Uso ule ukaja kuwa ngao.

Tunajua ngao ilificha nini. Mwaka 2002 gazeti la Boston Globe lilifichua jinsi Jimbo Kuu la Boston lilivyokuwa likiwahamisha mapadri walionajisi watoto kutoka parokia moja hadi nyingine, kimyakimya. Mmoja wao, John Geoghan, alihamishwa hivyo kwa miaka mingi. Kardinali Bernard Law alijiuzulu Desemba mwaka huo, na baadaye akapewa basilika kubwa huko Roma. Filamu ya uchunguzi ule, Spotlight, ya 2015, nayo ilishinda Oscar ya filamu bora. Weka hizo mbili kando kwa kando: padri wa 1944 anayeachiwa wavulana wa mtaa na hakuna mzazi anayeuliza, na padri wa Spotlight ambaye aliachiwa kwa sababu ileile. (Aliyetumwa Boston mwaka 2003 kusafisha uchafu wa Law aliitwa Seán O'Malley. Mwandishi wa filamu angeambiwa abadilishe jina hilo.)

Na kuna kitu kinachotisha zaidi. Katika Going My Way, askofu anahamisha mapadri kwa siri. Hicho ndicho kisa chenyewe! Barua haisomwi, parokia haiambiwi, mtu mmoja anakuja na mwingine anaondoka na sababu inabaki kwa wakubwa. Mashine iliyompeleka O'Malley kwa Fitzgibbon ndiyo mashine iliyomzungusha Geoghan Boston.

Basi tuizike filamu? Hapana, na sababu iko ndani ya filamu yenyewe. Siri ya O'Malley inamlinda mnyonge aliye chumbani: mzee aliyechoka, asiye na pa kwenda. O'Malley mwenyewe haipati faida yake, tena inamgharimu. Kila siku anakaripiwa na mtu aliye chini yake. Siri ya Boston ilimlinda mwenye nguvu, na gharama akalipa mtoto. Ukitaka kipimo cha kumshtaki nacho Kardinali Law, huhitaji kukitafuta mbali. Uliza siri ile ilikuwa ya kumfaa nani. Filamu hii inauliza hivyo kwa takriban saa mbili, na inauliza kwa mapadri.

Ndiyo maana naikataa pia ile mapenzi ya upande wa pili, ya wale wanaoitazama na kuguna, "Enzi zile mapadri walikuwa mapadri." Nchini kwetu maneno haya yana ladha yake, kwa sababu Fitzgibbon tunamjua. Askofu Mkuu wa kwanza wa Nairobi, John Joseph McCarthy, alikuwa Mwairishi wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mapadri wa Kiltegan, kutoka Ireland hiyohiyo, walikwenda Kitui na Turkana. Wako wengi waliokulia karibu na mzee mmoja wa aina hiyo, mwenye baiskeli au Land Rover na Kiswahili cha lafudhi ya ajabu, na wanamkumbuka kwa mapenzi. Sawa. Lakini kumpenda yule mmoja hakukupi haki ya kulitetea shirika zima mbele ya aliyeumizwa. McCarey mwenyewe ni ushahidi kwamba upole wa filamu haumfanyi mtu kuwa mpole: mwaka 1947 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti wa Hollywood, akatoa ushahidi wa kuiunga mkono, na mwaka 1952 akatengeneza My Son John, filamu ya hofu tupu. Sanaa ilimzidi mwenye nayo. Hutokea.

Na ipo filamu ambayo O'Malley anashindwa mtihani wake mwenyewe. Ni mwendelezo, The Bells of St. Mary's, wa 1945, ambao wengi wanaupenda kuliko wa kwanza. Ingrid Bergman ni Sista Mary Benedict, mtawa mwenye shule inayobomoka, mwanamke ambaye anamfundisha mvulana mnyonge kupigana ngumi. Ni mkubwa wa shule, ana akili, anabishana na padri uso kwa uso. Kisha daktari anagundua ana kifua kikuu na kushauri asiambiwe. O'Malley anakubali. Sista anaambiwa tu kwamba anahamishwa. Anaamini ameadhibiwa kwa kubishana, na anakwenda kusali aondolewe uchungu ambao kwa kweli angestahili kuwa nao. Mpaka anapoondoka kabisa ndipo O'Malley anamwambia ugonjwa wake, na yeye anatabasamu kwa furaha, na muziki unapanda, na sisi tunatakiwa kulia.

Mimi pale silii, nakasirika. Mapafu ni yake. Fitzgibbon alifichwa jambo ambalo lingemtoa kwenye kazi anayoipenda, akapewa muda wa kuifanya. Sista alifichwa mwili wake mwenyewe, akatolewa kwenye kazi, akaachwa ajilaumu. Ule ulikuwa uamuzi wa wanaume wawili, daktari na padri, kuhusu mwanamke aliyekuwa na akili kuliko wote wawili. Ukitaka kusema McCarey alipaka sukari, sema hapo, nitakuunga mkono. Hata hivyo angalia kwamba kipimo tunachotumia kumkamata ni kilekile cha mwaka uliotangulia: siri hii inamfaa nani?

Kwa hiyo narudi kwa wale wa Double Indemnity. Naipenda filamu yenu. Inasema kwamba watu wawili wakiwa na siri moja mwishowe watauana, na inasema vizuri. Ila mimi nimeshajua hivyo. Ninaishi katika jiji ambako mwenye nyumba, bosi, mchumba na kanjo wote wamenifundisha hivyo bure. Kile ambacho sikujua, na ambacho bado sikioni mara nyingi kwenye skrini wala nje yake, ni mtu aliyepewa amri juu ya mwingine anavyoonekana akiwa ameikalia mikononi yake kwa miezi. Hilo linahitaji kuigizwa, na si kazi rahisi, kwa sababu kwa macho hakuna kinachotokea. Crosby hakuwa mwigizaji mkubwa. Lakini alikuwa na ule ulegevu wa mtu asiye na haraka ya kutambuliwa, na hapa ndicho kilichohitajika.

Hebu itazame tena, mpaka mwisho safari hii. Kanisa limeungua. Deni lililolipwa kwa kikapu cha siri limelipwa kwa jengo ambalo sasa ni majivu, na hakuna anayesimama kueleza maana yake. Fitzgibbon amerudishiwa uongozi wa parokia, kweli safari hii, si kwa kuigiza, na O'Malley amehamishwa. Ni mkesha wa Krismasi, watu wamekusanyika katika kanisa la muda. Mlango unafunguliwa na anaingia bibi kizee wa zaidi ya miaka 90, aliyevushwa bahari kutoka Ireland. Ni mama yake Fitzgibbon. Hawajaonana miaka 45. O'Malley ndiye aliyemwita, na hakumwambia mtu. Watoto wanaanza kuimba ule wimbo wa kubembeleza. Kila mtu anawatazama mama na mwana, na wakati wanatazama, padri mwingine anapenya mlangoni na kutoka nje kwenye giza. Mzee amekumbatiwa na mamake, analia, hana habari.